Marie-Philip Poulin, Fundi wa Barafuni

Kazi ya mcheza hoki ya barafuni huanzia chini ya nyayo. Kila kiatu kimefungwa bamba la chuma lenye unene wa milimita 3 hivi, na anayeliona kwa mara ya kwanza hudhani lina makali upande mmoja tu. Kumbe yako pande mbili. Katikati ya bamba, kutoka kisigino hadi vidoleni, jiwe la kunolea limechimba mfuo mwembamba, na kingo mbili za mfuo huo ndizo makali yenyewe, ya ndani na ya nje. Mfuo ukiwa wa kina, makali huuma barafu sana: mchezaji hukata kona kwa nguvu, lakini miguu huchoka upesi. Ukiwa wa juujuu, huteleza mbali kwa hatua chache, lakini kona humshinda. Mchezaji wa daraja la juu anakijua kipimo chake, na fundi wa timu humnolea viatu kwa kipimo hichohicho, kisha huyajaribu makali kwa ukucha kabla ya kuvirudisha kwa mwenyewe.

Juu ya makali hayo amesimama karibu maisha yake yote Marie-Philip Poulin, nahodha wa timu ya taifa ya wanawake ya Kanada. Alizaliwa tarehe 28 Machi 1991, akakulia Beauceville, mji mdogo wa wasemaji wa Kifaransa kando ya mto Chaudière, kusini mwa jiji la Québec. Majira ya baridi huko ni marefu, na uwanja wa barafu ni mahali pa watu wa rika zote. Binti huyu hakuanza na gongo mkononi. Alianza na kuteleza kwa mitindo, mchezo wa kuchora duara na kujizungusha barafuni, kisha akataka kucheza kile alichokuwa akicheza kaka yake mkubwa. Akaingia kwenye hoki, akicheza pamoja na wavulana. Wengi wanaomsifu huanza na mabao yake. Mimi naona haki ni kuanza na zile duara za utotoni, kwa sababu mtu aliyefundishwa mapema kusimama juu ya ukingo mmoja wa chuma, na kuhamia wa pili bila kupoteza mwendo, amekwisha kupata nusu ya ufundi kabla hajaligusa gongo.

Mtazame anavyoanza mbio. Magoti yamekunjwa, nyonga ziko chini, kifua kimeinama kidogo, macho yako juu. Mguu wa kulia unasukuma ubavuni, si nyuma, maana anayesukuma nyuma huparuza barafu bila faida. Goti linanyooka mpaka mwisho, ncha ya mbele ya chuma inaiacha barafu baada ya sehemu nyingine zote, kisha mguu unarudishwa chini ya mwili, karibu kabisa na barafu, kuupisha wa kushoto. Hatua za kwanza ni fupi na za haraka. Baadaye zinarefuka, na hapo mwendo unatokana zaidi na kuteleza kuliko kukimbia. Mabega hayayumbi. Unaweza kutazama nusu ya juu ya mwili wake na usijue miguu inafanya kazi kiasi gani.

Sifa ya kasi tupu ni ya wengine. Mmarekani Kendall Coyne Schofield, kwa mfano, mwaka 2019 alialikwa kwenye mashindano ya ufundi ya nyota wa NHL, ligi ya wanaume, akauzunguka uwanja kwa sekunde 14.346, mwanamke wa kwanza kushindana pale. Nguvu ya Poulin iko katika kubadili mwendo. Anakuja taratibu, beki anapima nafasi kwa mwendo huo, kisha kwa msukumo mmoja wa makali ya ndani anakuwa pembeni mwa beki badala ya mbele yake. Akisukumwa, haanguki kirahisi, kwa kuwa nyonga zake ziko chini ya zile za anayemsukuma na miguu yake imepanuka. Akigeuza mgongo kuficha kisahani, ile raba inayochezewa, beki hubaki akitafuta njia ya kupitisha gongo lake, na njia hiyo haipo.

Sasa tuje kwenye gongo. La siku hizi hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Lina mpini mrefu unaoweza kupinda na ubapa wenye mkunjo mdogo. Poulin hupiga kwa upande wa kushoto: mkono wa kulia unashika kilele cha mpini, wa kushoto unashuka hadi karibu na katikati. Mkono wa juu ndio unaoongoza. Wa chini hutia nguvu inapohitajika na kulegea inapobidi. Kabla ya mechi ubapa huzungushiwa utepe wa kitambaa, kila mzunguko ukiukalia kidogo mwenzake, pasipo kunyanzi wala uwazi. Utepe huo hukizuia kisahani kisiteleze ovyo, na wengi huupaka nta ili theluji isigande juu yake. Wachezaji wengi hawamwachii mtu mwingine kazi hii. Mkono utakaopiga ndio unaofunga utepe.

Kisahani chenyewe ni raba ngumu yenye kipenyo cha sentimita 7.6, unene wa sentimita 2.5 na uzito wa kati ya gramu 156 na 170. Hugandishwa kabla ya mechi, kwa sababu raba yenye joto hurukaruka na kumsumbua kila mtu. Kupokea kitu kigumu namna hiyo, kinachokuja kwa kasi juu ya barafu, kunataka mikono iliyotulia. Ubapa haukazwi kukisubiri. Unarudishwa nyuma kidogo pale kisahani kinapougusa, mwendo unakufa, na kisahani kinakaa. Wanaojifunza hutazama chini wakati huo ili wahakikishe kimefika. Poulin anapokea akiwa ameinua uso, nyuma ya wavu wa chuma unaokinga sura, na tayari anasoma nani yuko wapi. Vidole vimemwambia kwamba kisahani kipo, naye anaviamini.

Yeye ni mshambuliaji wa kati, na mshambuliaji wa kati ana kazi moja ambayo watazamaji wageni huipita bila kuiona. Kila mchezo unaposimama, mwamuzi huwaita wachezaji wawili wasimame uso kwa uso, kisha anakiangusha kisahani kati yao. Atakayekipata ameipa timu yake umiliki, na atakayekikosa ataanza kukimbiza. Jambo zima linakwisha kwa muda mfupi kuliko pumzi moja. Poulin anainama mpaka uso unakaribia goti. Mkono wa chini unashuka zaidi kwenye mpini, na mara nyingine kiganja kinageuzwa ili kipate nguvu ya kuvuta nyuma. Hatazami kisahani pekee. Anautazama mkono wa mwamuzi, anazisoma nyayo za mpinzani zimeelekea wapi, anakumbuka mpinzani huyo alifanya nini mara iliyopita. Akishindwa kukivuta, analiinua gongo la mwenzake na kukisogeza kisahani kwa kiatu. Kazi hii hurudiwa mara nyingi katika kila mechi, na haina makofi.

Upigaji wake ndio uliomjengea jina. Lango la hoki lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22, na ndani yake amesimama kipa aliyejaa vifaa kiasi kwamba mpigaji huona matundu tu: juu ya bega, chini ya kwapa, kati ya magoti. Matundu hayo hayakai wazi. Yanafunguka kipa anaposogea na kufungika anapotua. Kwa hiyo siri haiko kwenye nguvu pekee. Iko kwenye kuificha ile nukta ya kuachilia.

Fuata hatua moja moja. Kisahani kinaanza karibu na kisigino cha ubapa, kikiwa nyuma kidogo ya mwili. Uzito uko kwenye mguu wa nyuma. Mkono wa chini unaukandamiza mpini, ubapa unasukuma barafu, na mpini unapinda kama upinde uliovutwa. Mwili unahama kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, kisahani kinabiringika juu ya ubapa kuelekea ncha yake, kifundo cha mkono kinafunga, na mpini unaponyooka nguvu yote iliyokuwa ndani yake inahamia kwenye kisahani. Gongo linamalizia likiwa limeelekea pale anapotaka kiende. Wachezaji wengi huhitaji muda kuyapanga hayo: wanavuta nyuma, wanatazama, wanapiga, na kipa anapata nafasi ya kujiandaa. Poulin anayafanya ndani ya mwendo wa kuteleza, bila kusimama na bila kubadilisha sura ya mwili. Kutoka nje huwezi kujua kama ni pasi au ni mkwaju mpaka kisahani kimekwisha kuondoka. Pasi ikimfikia vizuri, hata kukituliza hakitulizi, anapiga hapohapo.

Hata hivyo, sehemu ninayoipenda zaidi ya kazi yake haina kisahani. Kanada inapopoteza umiliki, yeye ndiye wa kwanza kugeuka. Anarudi nyuma kwa mbio zilezile alizoendea mbele, na anarudi kwa mpango. Hamkimbilii mwenye kisahani moja kwa moja. Anachukua njia ya katikati, analaza gongo barafuni, na kwa kulilaza tu anaifuta pasi ambayo mpinzani alikuwa akiitegemea. Mpinzani anasukumwa pembeni, kwenye mbao za ukuta wa uwanja, ambako madhara ni madogo. Hapo ndipo mara nyingi umiliki unabadilika bila kelele. Katika hoki ya wanawake ya kimataifa sheria zimebana kumgonga mtu kwa mwili, kwa hiyo ufundi wa kupokonya unategemea zaidi pembe, gongo na wakati mwafaka.

Halafu kuna benchi. Mechi ni vipindi vitatu vya dakika 20, lakini hakuna anayecheza mfululizo. Mchezaji huingia kwa sekunde 40 au 50 za nguvu zote, kisha hutoka akihema na mwingine huruka ukuta kuchukua nafasi yake. Ndani ya muda huo mfupi lazima uwe umetoa ulichonacho, na lazima ujue wakati wa kutoka. Ubinafsi huonekana haraka hapa: anayechelewa kutoka huwaponza wenzake, kwa sababu miguu yake haitoshi tena kurudi nyuma. Poulin hukaa benchi akiinamia barafu, akifuatilia. Akiona beki wa upande wa pili anageukia mkono uleule kila mara anapobanwa, anaweka akiba jambo hilo. Atalitumia baadaye, pengine katika kipindi cha tatu.

Nimeeleza yote haya kwanza kwa sababu nataka mabao yenyewe yasomwe kama matokeo. Tarehe 25 Februari 2010, Vancouver, Kanada ilikutana na Marekani katika fainali ya Olimpiki. Poulin alikuwa na miaka 18, mdogo kuliko wote kikosini. Kanada ilishinda 2–0, na mabao yote mawili yalikuwa yake, yote katika kipindi cha kwanza. Pasi ilipokuja, alipiga kabla kipa hajatua. Msichana wa umri ule alikuwa na mikono ya mtu mzima, na watu wakasema ni kipaji. Kipaji kilikuwapo. Lakini mikono ile ilikuwa na miaka mingi ya kurudia jambo moja nyuma yake.

Miaka minne baadaye, Sochi, tarehe 20 Februari 2014, timu zilezile. Marekani ilikuwa mbele kwa mabao 2–0 na muda unakwisha. Zikiwa zimesalia dakika 3 na sekunde 26, Brianne Jenner akafunga la kwanza la Kanada. Kipa akatolewa ili aongezwe mshambuliaji, lango likabaki tupu. Kisahani kilichotoka kwa Wamarekani kikateleza urefu wa uwanja kuelekea lango hilo, kikagonga mlingoti, kikabaki nje. Zikiwa zimesalia sekunde 54.6, kisahani kikawa huru mbele ya lango la Marekani, na Poulin akawa pale. Mabao 2–2. Katika muda wa nyongeza, Kanada ikiwa na mchezaji mmoja zaidi barafuni kwa sababu ya adhabu, Laura Fortino akampa pasi, akafunga. Mabao 3–2, medali ya dhahabu.

Tangu siku hiyo watu wametunga majina ya kumsifu kama mtu wa dakika za mwisho, mtu ambaye shinikizo halimgusi. Sipingi ujasiri wake. Ila nikiutazama mkanda wa mechi ile naona jambo la kawaida zaidi na, kwangu, la thamani kubwa zaidi. Katika sekunde ile ya 54.6 alisimama pale ambapo mshambuliaji aliyefunzwa anapaswa kusimama kisahani kinapotupwa langoni: kando ya mlingoti, gongo likiwa chini, magoti yamekunjwa, uso kwenye mchezo. Alikuwa amesimama pale mara zisizohesabika katika mechi zisizo na mtazamaji. Mara nyingi sana kisahani hakikuja. Siku hiyo kilikuja.

Ufundi haumpi mtu hati ya kushinda kila mara. Mwaka 2018 nchini Korea Kusini, akiwa nahodha, alifunga tena katika fainali ya Olimpiki, lakini Marekani ikasawazisha na kuchukua ushindi kwenye mikwaju ya mmoja mmoja. Kanada, iliyokuwa imetwaa dhahabu ya Olimpiki mara nne mfululizo tangu 2002, ikarudi na fedha. Nahodha akarudi mazoezini: uzito, mbio fupi, kona, mikwaju, siku baada ya siku, mambo yaleyale aliyoyajua tangu utotoni.

Tarehe 31 Agosti 2021, jijini Calgary, fainali ya ubingwa wa dunia. Kwa mara nyingine Marekani ilitangulia kwa mabao mawili, kwa mara nyingine Kanada ikasawazisha, na muda wa nyongeza ukaingia. Poulin akapokea pasi ya Jenner na kupiga juu, chini kidogo ya mtambaa panya. Kisahani kiligonga chuma ndani ya lango na kutoka nje kwa kasi iliyowafanya waamuzi waache mchezo uendelee. Wachezaji waliendelea kukimbizana mpaka king'ora kilipolia kutoka kwa waliokuwa wakitazama picha: lilikuwa bao. Mabao 3–2, na ubingwa wa kwanza wa dunia kwa wanawake wa Kanada tangu 2012. Inafaa kukaa kidogo kwenye mkwaju huo. Nafasi kati ya bega la kipa na chuma cha juu ni ndogo, na alilenga sehemu ya juu kabisa ya nafasi hiyo, miguu ikiwa imechoka baada ya dakika 60 na ushei.

Februari 2022, Beijing, katika fainali ya Olimpiki, alifunga mawili katika ushindi wa 3–2 dhidi ya Marekani. La kwanza lilizaliwa na ile kazi isiyo na makofi: alimpokonya mpinzani kisahani, kisha akapiga. Kwa mabao hayo akawa mchezaji wa kwanza, mwanamke au mwanamume, kufunga katika fainali nne za Olimpiki: mabao saba kwa jumla. Mwishoni mwa mwaka huo akapewa tuzo ya mwanamichezo bora wa Kanada, na hakuna mcheza hoki wa kike aliyewahi kuipata kabla yake.

Kuna subira nyingine ambayo haionekani katika mikanda. Fainali za Olimpiki huja mara moja kwa miaka minne, na kati yake mchezaji anahitaji mahali pa kufanyia kazi. Poulin alicheza Chuo Kikuu cha Boston, kisha Montréal, katika ligi ya wanawake ya Kanada iliyoanzishwa 2007. Ligi hiyo ilikaa miaka kumi bila kulipa mishahara, na mwaka 2019 ikafungwa. Wachezaji bora duniani wakabaki bila ligi waliyoiona inawafaa. Wengi wao, Poulin akiwamo, wakaungana katika chama, wakakataa kucheza kwa masharti duni, wakazunguka miji wakicheza mechi za maonyesho na kudai ligi moja yenye mishahara na mazingira ya kazi ya kweli. Kwa mwanamichezo, miaka ni mtaji usiorudishwa. Yeye alitumia miaka ya ubora wake akinoa makali kwa ajili ya ligi ambayo bado haikuwapo.

Ligi hiyo, PWHL, ilianza tarehe 1 Januari 2024 ikiwa na timu sita, naye akawa nahodha wa Montréal. Tarehe 20 Aprili mwaka huo, Montréal ilipokutana na Toronto katika ukumbi wa Bell Centre, walihudhuria watu 21,105, idadi ambayo mechi ya hoki ya wanawake haikuwahi kuifikia. Msimu uliofuata, akiwa na umri wa miaka 34 ulipomalizika, Poulin aliongoza ligi kwa mabao 19 na kutangazwa mchezaji bora wa mwaka. Katika umri ambao wengi wamekwisha kutundika viatu, alikuwa akiwafunga makipa waliokuwa watoto wakati wa Vancouver. Miguu haikuwa imeongezeka kasi. Kilichoongezeka ni kujua: wapi pa kusimama, wakati gani wa kusubiri, nani atakosea na kwa upande gani.

Watu wa kazi hiyo walilitambua jambo hili mapema. Mwaka 2022 klabu ya wanaume ya Montreal Canadiens, yenye mataji mengi ya Kombe la Stanley, kombe la NHL, kuliko klabu yoyote, ilimwajiri kuwa mshauri wa kuwaendeleza vijana wake. Fikiria vijana wenye misuli na mikataba ya NHL wakisimama barafuni kumsikiliza mwanamke huyu akiwaonyesha namna ya kupokea kisahani ukiwa na mtu mgongoni, au mahali pa kuweka mguu kabla ya kupiga. Aliajiriwa kufundisha mambo madogo, na hayo ndiyo aliyoyajenga maisha yake yote.

Kwetu barafu si kitu cha msimu, lakini si kitu cha kusimuliwa tu pia. Nairobi, kwenye hoteli ya Panari iliyopo barabara ya Mombasa, kuna uwanja wa barafu ulio mdogo kuliko ule wa mashindano, na juu yake wachezaji wa Ice Lions wamejifunza hoki kwa miaka kadhaa. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada kucheza, na 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Wapo pia wasemaji wa Kiswahili katika miji ya Kanada ambao watoto wao hukokota mifuko ya viatu na magongo alfajiri, kabla ya shule. Kwa wote hao Poulin ana somo linalofaa, na linafaa vilevile kwa asiyetarajia kukanyaga barafu maishani: jambo dogo lifanywe vizuri, lirudiwe bila kuchoka, hata mahali ambapo hakuna anayepiga picha.

Basi ukipata mechi yake yoyote, nakuomba jambo moja. Acha kukifuata kisahani kwa dakika chache, umfuate yeye. Tazama anavyorudi nyuma timu yake inapopokonywa, anavyolaza gongo kuziba njia, anavyoinama mbele ya mwamuzi, anavyotoka barafuni kwa wakati wake. Bao likija, utakuwa umekwisha kuona limetoka wapi. Lisipokuja, utakuwa umemwona fundi kazini, na hilo linatosha kuilipa saa yako.